Gari la Zamani, Gari Jipya na Mahari ya Biharusi



Biharusi hufundishwa mengi. Somo atamweleza habari za udi na asumini, atamsugua singo, atamwambia namna ya kumpokea mume akirudi kazini na namna ya kukaa na mawifi bila ya kugombana. Sisi hatujamsikia somo hata mmoja aliyemkalisha mwari akamfundisha kusoma mkataba wa gari. Na mkataba wa gari ndio uliokuja kutubishia hodi, harusi haijatimiza hata miezi minne.

Sisi ni mke na mume. Tulioana Unguja, Mfunguo Mosi wa mwaka 2023, kisha tukaanza maisha Barking, mashariki ya London, nyumba ya chumba kimoja juu ya duka. Tunaandika haya kwa pamoja, mmoja ameshika simu na mwengine anasahihisha. Kwa hiyo mkituona tunasema "mwenye gari" na "mwenye mahari", mjue ndio sisi wenyewe.

Mwenye gari alikuja kwenye ndoa na Toyota Avensis ya dizeli ya mwaka 2008. Aliinunua kwa pesa taslimu kabla ya kuoa, na ilikwisha pita maili 140,000. Kiti cha nyuma kilikuwa na doa la mchuzi wa pweza ambalo halitoki kwa sabuni yoyote. Lakini injini ilikuwa nzima, na kila mwaka gari lilipita ukaguzi wa MOT bila ya tabu kubwa. Kwa mtu wa kwetu, aliyezoea kuona Toyota za miaka ya tisini zikipanda na kushuka barabara ya Mwanakwerekwe, hilo lilikuwa bado gari la kijana.

London walikuwa na hesabu nyengine. Kuna kitu kinaitwa ULEZ: eneo ambalo gari lenye moshi mbaya halizuiwi kuingia, ila hulipishwa paundi 12.50 kwa siku, mchana na usiku, siku zote isipokuwa Krismasi. Hapana askari wala kizuizi, ni kamera tu zinazosoma namba ya gari. Lilianza katikati ya mji Aprili 2019, likapanuliwa Oktoba 2021 mpaka kwenye barabara za North Circular na South Circular, na tarehe 29 Agosti 2023 likafunika mitaa yote ya London. Barking iko upande wa nje wa North Circular. Kwa hiyo kwa karibu miaka miwili gari lilikaa salama nyumbani, lakini likivuka tu kwenda East Ham au Green Street kununua samaki na vitambaa, linadaiwa. Sasa deni lilikuwa linakuja mpaka mlangoni.

Kipimo chenyewe kinashangaza. Umri wa gari peke yake hausemi kitu. Gari la petroli likifikia kiwango cha Euro 4 hupita bure, na magari mengi ya petroli yaliyosajiliwa tangu 2006 yamo humo. La dizeli lazima lifikie Euro 6, kiwango kilichokuwa lazima kwa magari mapya kuanzia Septemba 2015. Ndiyo maana gari letu la 2008 lilikuwa na hatia, na Yaris ya petroli ya jirani, kongwe kuliko letu kwa mwaka mzima, haina neno.

Kwetu sisi balaa lilikuwa zamu za usiku. Mwenye gari anafanya kazi ghalani Dagenham, anaingia saa nne usiku na kutoka saa kumi na mbili asubuhi. Siku ya ULEZ inaanza saa sita usiku na kwisha saa sita usiku inayofuata. Maana yake ni kwamba safari ya kwenda ni ya siku moja, na safari ya kurudi ni ya siku nyengine. Usiku tano za kazi zinagusa siku sita. Siku sita kwa paundi 12.50 ni paundi 75 kwa wiki, paundi 300 kwa wiki nne, na hapo hatujatia mafuta wala bima. Kubaki na gari la zamani, ambalo watu hudhani ni bure kwa sababu lishalipiwa, kungetugharimu zaidi ya paundi 3,000 kwa mwaka.

Tulinung'unika, tusidanganyane. Lakini nani anaishi London asimjue mtoto Ella Adoo-Kissi-Debrah? Alikuwa akikaa Lewisham karibu na South Circular, akaugua pumu vibaya, akafariki Februari 2013 akiwa na miaka 9. Disemba 2020 mchunguzi wa vifo alitoa uamuzi kwamba hewa chafu ilichangia kifo chake, na akawa mtu wa kwanza Uingereza kuandikwa hivyo kwenye sababu za kifo. Mama yake alipigania miaka mpaka likaandikwa. Ukishajua hayo, moshi unaotoka nyuma ya gari lako hauoni tena kama ni wako peke yako. Dini yetu imetukataza kumdhuru mtu, na haikusema isipokuwa akiwa mbali humwoni.

Basi gari lilikuwa la kuondoka. Suala lilikuwa liondoke vipi.

Zilikuja zawadi mbili, na kwa mbali zinafanana kama pacha. Zote mbili zilikuwa za paundi 2,000. Ya kwanza ilitoka kwenye mji wenyewe. Mpango wa kuwalipa watu wavunje magari machafu ulifunguliwa Januari 2023 kwa wenye kipato kidogo na walemavu, na Agosti, siku chache kabla ya tarehe 29, meya Sadiq Khan akaufungua kwa kila mkaazi wa London mwenye gari lisilofikia kiwango. Unalipeleka gari likavunjwe, unaleta cheti, unapewa mpaka paundi 2,000. Ukitaka unachukua pesa pungufu pamoja na pasi ya mwaka ya basi. Hakuna anayekuuliza utanunua nini na hizo pesa. Ukizila, ukizitia benki, ukinunua baiskeli, ni zako.

Ya pili ilitoka kwa muuzaji wa magari. Tangazo lilikuwa na maneno makubwa: leta gari lako kuukuu, upate paundi 2,000 kwenye gari jipya. Tukaenda Jumamosi moja, mwenye mahari amevaa vizuri kama anakwenda kupokea wageni. Kijana wa pale alikuwa na adabu, alitupa chai, akatukalisha ndani ya gari jeupe lenye harufu ya upya. Jamani, harufu ile ina fitina yake. Mwenye mahari alikwisha jiona anawapokea wakwe Heathrow ndani yake.

Bei ilikuwa paundi 18,500. Toa zawadi ya 2,000, zinabaki 16,500. Kijana akasema tutoe arbuni ya 2,500, na zilizobaki 14,000 tulipe paundi 348 kila mwezi kwa miezi 48. Alilisema lile 348 kwa sauti ndogo, kama mtu anayetaja bei ya mchicha. Akaongeza kwamba ni karibu sawa na ile 300 tutakayolipa ULEZ, na hapa tunapata gari jipya. Maneno yale yalikaa vizuri masikioni.

Nyumbani tulichukua karatasi. 348 mara 48 ni 16,704. Tulikopa 14,000. Kwa hiyo 2,704 zaidi ni ya kukodi pesa, yaani riba, na ni kubwa kuliko zawadi yenyewe. Walitupa 2,000 kwa mkono wa kulia, na wa kushoto ulikuwa unachukua 2,704 polepole, kila mwezi kidogo, ili usihisi. Tena malipo ya ULEZ unaweza kuyakimbia siku yoyote kwa kuliuza gari au kupanda basi. Mkataba wa miezi 48 haukimbiliki kirahisi hivyo.

Tukampigia ustadhi mmoja tunayemwamini, na yeye akatutenganishia mambo kwa utulivu. Pesa za mji, alisema, ni kipawa, chukueni. Punguzo la bei dukani halina ubaya, muuzaji ana haki ya kupunguza bidhaa yake. Hata kuuza kwa malipo ya muda kwa bei ya juu kidogo, bei ikiwa ni moja na imekatwa tangu mwanzo, wanazuoni wengi wameruhusu. Lakini mkataba tuliousoma haukuwa huo. Gari linauzwa na duka, pesa zinakopeshwa na kampuni nyengine, na kampuni hiyo inataka pesa zake na ziada juu yake. Hapo hakuwa na maneno mengi.

Tulirudi kuuliza kama kuna malipo yasiyo na ziada. Yalikuwepo, kwa aina nyengine ya gari, ghali kwa paundi elfu kadhaa kuliko lile jeupe. Tukashukuru kwa chai.

Sasa tuje kwenye ile arbuni ya 2,500, kwa sababu hapo ndipo tunapotaka biharusi wakae kitako wasikilize.

Mahari iliyotolewa kwetu ilikuwa paundi 2,500. Kamili. Mwenye gari alikuwa ameiweka akiba kwa muda mrefu, na ilikabidhiwa mkononi mwa mwenye mahari. Kijana wa dukani hakuijua habari hiyo, ni bahati tu kwamba tarakimu zililingana, lakini sote wawili tuliposikia 2,500 tuliangalia chini. Njiani hakuna aliyesema. Usiku ule mwenye mahari akasema, "Bwana, ile mahari yangu ipo tu imelala. Ichukue." Mwenye gari akajibu, "Mke wangu, sijaiomba." Na kweli hakuiomba. Siku tatu tukawa tunazungumza habari za chakula na hali ya hewa.

Kisheria jambo liko wazi. Mahari ni haki ya mke, si ya baba yake, si ya mume. Sura ya An-Nisaa, aya ya nne, inaeleza kwamba wanawake wapewe mahari yao, na kwamba wakimwachia mume sehemu yake kwa ridhaa ya nafsi zao, basi ni halali kwake. Kila kitu kimo kwenye ile ridhaa. Mke anayetoa kwa sababu nyumba imekuwa kimya, au kwa sababu gari linadaiwa paundi 75 kwa wiki na yeye anaona haya kukaa na pesa kabatini, je, huyo ameridhia au amebanwa? Tulikuwa hatujui, na ndiyo maana tulinyamaza.

Aliyetufungua ni bibi, mama wa mama, kwenye simu kutoka Mkunazini. Alisikiliza kisa chote, cha moshi na cha kamera na cha gari jeupe. Kisha akasema, "Mwanangu, mahari yako ni yako. Ukitaka kumpa mumeo, mpe, utapata thawabu. Lakini umpe yeye. Usimpe muuza magari."

Tulicheka mpaka machozi, halafu tukaona kwamba ametoa hukumu. Arbuni ile isingekuwa msaada kwa mume. Ingeingia dukani siku ile ile, na gari jipya likitoka tu mlangoni limeshapoteza sehemu ya thamani yake. Miaka minne baadaye tungekuwa na gari la miaka minne, na mahari isingekuwa kwa mke wala kwa mume. Kama ni kumsaidia mwenzio, bora msaada ule mwenzio aushike mkononi.

Ilikuwepo njia nyengine ambayo ndugu waliipenda sana: kulipakia gari meli lende Unguja. Usukani uko kulia, kama kwetu. Mjomba wa Fuoni alikwisha kuliombea nafasi uani. Ukipiga hesabu ya meli na ushuru wa bandarini bado hupati faida ya maana, na paundi 2,000 za mji zinapotea kwa sababu gari halikuvunjwa. Lakini kilichotuzuia hakikuwa hesabu. Tungekuwa tumesema nini? Kwamba moshi usiofaa kwa kifua cha mtoto wa Lewisham unafaa kwa kifua cha mtoto wa Fuoni? Mjomba hakukubaliana na sisi. Alisema Unguja ina upepo wa bahari, moshi haukai. Bado anatununia kidogo.

Na upande wa pili wa mjomba kuna hoja ya haki, tusiipite haraka. Kuvunja gari zima kunatia uchungu. Tumelelewa kwamba israfu ni dhambi, na hapa tunalipwa tufanye kitu kinachofanana nayo sana. Si London peke yake. Mwaka 2009, uchumi wa dunia ulipoanguka, serikali nyingi zililipa watu wavunje magari ili viwanda viuze mapya. Ujerumani walitoa yuro 2,500 kwa gari la miaka tisa na zaidi. Uingereza ilikuwa paundi 2,000 kwa gari la miaka kumi, nusu ya serikali na nusu ya kiwanda. Marekani walitoa dola 3,500 au 4,500, na injini zikauliwa makusudi: walimwaga oili, wakatia dawa ya majimaji inayoganda kama kioo, wakaliwasha gari mpaka likafa, lisije likafufuliwa na fundi. Mipango ile ilikulazimisha ununue jipya au lililo karibu na jipya, na kwa maoni yetu lengo lake la kwanza lilikuwa kiwanda. Huu wa London ulikuwa kwa ajili ya hewa, kwa hiyo ulitaka gari litoke barabarani tu. Tofauti hiyo ndiyo iliyotutuliza.

Basi tulifanya hivi. Tukaomba pesa za mji. Pasi ya basi tuliiacha, kwa sababu usiku wa manane kufika ghalani ni mabasi mawili na baridi ya kusimama kituoni. Kazi ingekuwa ya mchana tungeichukua bila ya kufikiri. Tukatafuta gari la petroli la watu wa kawaida, na tukapata Yaris ya 2007 kwa paundi 2,300, mwenyewe mzee wa Ilford aliyeacha kuendesha. Ndiyo, dada zetu, gari letu "jipya" ni kongwe kuliko tulilolivunja. Akiba ilikuwa paundi 800, na 1,500 tukakopa kwa kaka mkubwa wa Leicester bila ya ziada yoyote, tukaandikiana na mashahidi wawili. Alisema baina ya ndugu haina haja ya kuandika. Sisi tukasisitiza, maana deni Mwenyezi Mungu ameamrisha liandikwe, na ndugu ndio wanaogombana kwa yasiyoandikwa. Wiki mbili za mwanzo tulilipa ULEZ, paundi 150, zikauma.

Siku lori lilipokuja kuchukua Avensis, mwenye gari alitoa tasbihi iliyokuwa imening'inia kwenye kioo, akaliwasha mara ya mwisho, likawaka kwa ufunguo mmoja. Mwenye mahari alikuwa dirishani na hakushuka. Cheti cha kuvunjwa kilikuja, tukakituma, pesa zikaingia. Kaka alirudishiwa 1,500 yake yote, na 500 iliyobaki ikaenda kwenye bima na matairi mawili. Ukipiga hesabu, Yaris ilitugharimu paundi 300 juu ya tulizopewa. Haina harufu ya upya. Ina klachi nzito, na wakwe walipokuja walikaa wamebanana na masanduku mapajani, tena walitoa maneno.

Mahari ilikaa kabatini mpaka mwaka wa pili. Mwenye mahari akanunua cherehani ya kazi nzito na vitambaa, sasa anashona madira na abaya za maharusi, na kipato ni chake. Mara moja alimpa mwenye gari pesa za kutengeneza ile klachi. Alimpa yeye mkononi. Mwenye gari alizichukua, akasema ahsante, na hakuna aliyeangalia chini.

Mpango wa London ulifungwa Septemba 2024, kwa hiyo msituulize fomu. Lakini matangazo ya leta-la-zamani-chukua-jipya hayafungwi, na miji mengine nayo inatoza. Birmingham wanatoza paundi 8 kwa siku tangu Juni 2021. Wiki iliyopita binti wa jamaa zetu wa huko, ameolewa miezi miwili tu, alitutumia picha ya gari la fedha na ujumbe kwamba zawadi inakwisha Ijumaa. Tukamwambia aulize bei ya gari hilo hilo kwa mtu asiyekuwa na la zamani la kuleta, na ajumlishe malipo yote mpaka mwezi wa mwisho, mwenyewe, kwa kalamu. Tukamuuliza pia arbuni inatoka wapi.

Hilo la mwisho hajalijibu bado.